Sura ya 5: Mzinga Unaolinda Gunia

"Nikiweka mizinga minne mitano shambani kwangu, nitaweza kujitegemea?"

Swali hili utalisikia kila kijiji cha tambarare ya Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kamanyola, ukipita Luvungi, Bwegera na Sange, mpaka Kiliba na Uvira. Anayeuliza huwa na kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, mbuzi wawili, kuku, watoto wanaosoma, na uchovu wa kununua kila kitu kwa bei iliyopangwa na watu wengine. Amesikia kwamba asali ina bei nzuri Bukavu. Anataka kujua kama ni kweli.

Ni kweli, ila faida yenyewe haiko pale wengi wanapoitafuta. Hakuna nyumba inayokula asali mchana na jioni, na mizinga minne haimtajirishi mtu. Kazi kubwa ya mzinga katika nyumba ya mkulima wa Luvungi ni kulinda gunia la mahindi lisitoke ghalani kabla ya wakati wake.

Kujitegemea kunapimwaje?

Wengine wanadhani anayejitegemea ni yule asiyenunua chochote. Mtu huyo hayupo. Mwenye mihogo, ndizi, maharage na kuku bado atanunua chumvi, sabuni, dawa na ndagala. Katika kitabu hiki natumia kipimo kimoja tu: anayejitegemea ni yule asiyelazimika kuuza chakula chake siku ambayo bei iko chini.

Tuutazame mwaka wetu. Mvua zinaanza Septemba, mahindi yanapandwa, na mavuno yanaingia Januari na Februari. Msimu wa pili unaanza hapohapo Februari, unavunwa Juni na Julai, kisha kiangazi kinashika. Wanaoendelea kulima ni wenye mashamba ya bondeni au yanayofikiwa na maji ya mfereji. Sasa weka mahitaji ya pesa juu ya kalenda hiyo. Septemba shule zinafunguliwa. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari bado inadai minervali, yaani ada, na mtoto wa msingi naye anahitaji sare na madaftari. Mwezi huohuo mbegu inatakiwa, na vibarua wa kulima wanatakiwa kulipwa.

Tuseme familia imevuna magunia sita mwezi wa sita. Kila jirani naye amevuna, wanunuzi wamekuja na magari yao, na bei imeshuka. Familia inauza magunia matatu kwa dola 25 kila moja ili kujiandaa na Septemba. Ikifika Novemba ghala ni tupu, na mama anarudi sokoni kununua mahindi yaleyale, safari hii kwa kopo la gigozi moja moja, kiasi kwamba gunia zima linamgharimu dola 45. Dola 60 zimepotea bila mdudu wala mwizi kuingia ghalani. Namba hizi ni za mfano tu. Weka za soko lako, na utaona hasara inabaki palepale.

Pale ambapo miti mingi inatoa maua mvua zinapoelekea kuisha, asali inaiva mwanzoni mwa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Maana yake asali inakuja wakati uleule ambao familia inashawishika kuuza mahindi. Pesa ya asali ikilipa minervali, magunia matatu yanabaki ndani mpaka Novemba. Hapo ndipo penye faida, na ndiyo sababu nimeipa mizinga sura nzima wakati kuku nimewapa kurasa chache.

Mfugo usiodai shamba

Ardhi ndiyo kidonda cha tambarare hii. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali, lakini vijijini inagawiwa kwa mila chini ya mwami, mtawala wa jadi, na machifu wake, na kiangazi ng'ombe wanashuka kutoka nyanda za juu kutafuta majani katikati ya mashamba. Kila inchi ina anayeidai. Ukitaka kufuga ng'ombe, unahitaji malisho. Ukitaka bwawa la samaki, unahitaji hati, au angalau neno la chifu ambalo halitageuka mwaka ujao.

Nyuki anahitaji mahali pa kulala tu. Chakula chake anakifuata mwenyewe, hata umbali wa kilomita 3. Chukua kilomita 2 peke yake: duara hilo lina zaidi ya hekta 1,200. Mtu mwenye shamba la mita 50 kwa 50, yaani robo ya hekta, akiweka mizinga pembeni mwa shamba, nyuki wake watavuna kwenye maembe ya jirani, mikaratusi ya misheni, migunga ya porini na maua ya ng'ambo ya Ruzizi upande wa Burundi. Hawamnyang'anyi mtu hata jani. Wanachochukua ni mbochi, yaani maji matamu ya ua, na chavua, yaani unga wa ua ambao ndio lishe ya watoto wao.

Je, nyuki hao watazidisha mazao ya shamba lako? Hapa lazima nikatae ahadi ambazo nimesikia zikitolewa kwenye semina nyingi. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na mpunga hujichavusha wenyewe. Kuchavusha ni kupeleka chavua kutoka ua hadi ua ili tunda au mbegu ipatikane. Muhogo tunaupanda kwa vijiti. Ndizi zetu huzaa bila msaada wa mdudu yeyote. Nyanya hutikiswa na upepo pamoja na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, si na nyuki wa asali. Kwa hiyo mazao makuu ya tambarare hayaongezeki hata kidogo kwa sababu ya mzinga. Yanayofaidika ni maboga, matango, matikiti, alizeti, maparachichi, maembe, na kahawa kwa wanaolima milimani. Kama una maboga na miti mitatu ya parachichi, utaona tofauti. Kama una mihogo tu, usidanganyike.

Jambo jingine kuhusu asali ni lile ambalo mkulima aliyewahi kukuta mahindi yake yamebunguliwa ataelewa mara moja: asali iliyoiva, ikifunikwa vizuri, haiozi wala hailiwi na wadudu. Inaweza kungoja bei mwaka mzima. Ni mazao machache ya shamba dogo yanayoweza kukaa hivyo bila dawa.

Kwa ufupi

- Mzinga hauchukui nafasi ya shamba. Unalinda chakula kilichotoka shambani.
- Nyuki hahitaji malisho yako wala hati ya ardhi.
- Tegemea ongezeko kwenye matunda na maboga, usilitegemee kwenye mahindi, mpunga wala mihogo.

Maisha ndani ya mzinga

Kundi moja lina malkia mmoja, madume wachache, na maelfu ya vibarua ambao wote ni wa kike. Malkia hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku maua yanapokuwa mengi. Kibarua hutoka kwenye kitundu chake karibu siku ya 20 tangu yai litagwe, malkia karibu siku ya 16, dume karibu siku ya 24. Siku zake za kwanza kibarua anafanya kazi za ndani, kusafisha, kulisha majana (watoto wa nyuki ambao bado ni kama funza weupe) na kujenga masega kwa nta inayotoka mwilini mwake. Kisha anaanza kutoka kutafuta chakula, na baada ya wiki sita hivi tangu azaliwe, amekufa.

Ukiziweka siku hizo kwenye kalenda, utaona kwamba nyuki watakaoleta mbochi ya Mei wametagwa Machi na Aprili. Mfugaji anayenyang'anya kundi akiba yake katikati ya mvua, wakati majana wanahitaji chakula, anapunguza wavunaji wa mwezi wa tano. Kundi dogo litakula lote linaloleta, hata kama milima yote imejaa maua.

Nyuki wetu wa Afrika wana tabia mbili ambazo vitabu vya Ulaya havizungumzii sana. Wana hasira za haraka, na wanahama. Njaa, kiu, jua kali, siafu, nondo wa nta (kipepeo mdogo wa kijivu ambaye funza wake hula masega) au mtu anayefungua mzinga kila wiki kuchungulia, lolote kati ya hayo linatosha. Asubuhi wako, jioni mzinga ni mtupu. Kufuga nyuki huku kwetu ni kuwapa kila siku sababu ya kubaki.

Kuhusu asali yenyewe: mbochi ikiingia mzingani ni majimaji. Vibarua wanaipitisha midomoni, wanaiweka kwenye vitundu, na usiku kucha wanapepea mabawa mpaka maji yanapungua kufikia chini ya asilimia 20 ya uzito wake. Hapo ndipo wanapoziba kitundu kwa nta nyeupe. Kifuniko hicho ndicho kinachokuambia kuwa asali imeiva.

Mzinga upi?

Wazee walitumia gogo lililotobolewa. Burundi na Rwanda, na hata milimani kwetu, kuna mzinga mrefu wa mviringo uliosukwa kwa fito na kukandikwa samadi ya ng'ombe. Usidharau mizinga hiyo. Gharama yake ni jasho tu, na samadi inazuia joto. Ubaya wake ni mmoja: masega yamegandishwa kwenye ukuta, hayatoki bila kukatwa. Ukirina unakata asali pamoja na majana, na mara nyingi kundi linakufa au linahama.

Mzinga wa fremu wa kisasa ulibuniwa Marekani na mchungaji Lorenzo Langstroth. Mwaka 1851, huko Philadelphia, aligundua kwamba nyuki wakiachiwa uwazi wa milimita 6 hadi 9 hawaujengi wala hawauzibi, wanaupitia tu. Kwa hiyo fremu zikiachiwa uwazi huo hazigandi, na unaweza kuzitoa moja moja. Ni mzinga mzuri sana, lakini unataka mbao zilizonyooka, vipimo vya uhakika, na mashine ya kuzungusha fremu ili asali itoke bila kuvunja sega. Mashine hiyo isipokuwepo kijijini, mzinga wa fremu unabaki kuwa sanduku la bei kubwa.

Kati ya mizinga ya wazee na huo wa fremu kuna mzinga uliotengenezwa Kenya miaka ya 1970, ambao leo umeenea Afrika Mashariki yote. Ni sanduku refu lenye pande zinazoinama kuelekea chini, na juu yake vimepangwa vipande vya mbao vinavyogusana. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kipande. Unanyanyua kipande, sega linakuja nalo, unaliangalia, unalirudisha. Pande zinazoinama zinawafanya wasiligandishe sana sega ukutani.

Huo ndio ninaoushauri kwa anayeanza Luvungi. Fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza kwa mbao za mkaratusi au grevilea, ilimradi asikosee kipimo kimoja: upana wa kila kipande cha juu uwe milimita 32. Huo ndio upana wa sega la nyuki wetu pamoja na njia yao ya kupita. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo na wanapewa 35. Fundi akikata kwa kukadiria macho, 30 hapa na 36 pale, nyuki watajenga sega moja likishika vipande viwili au vitatu kwa mshazari, na mzinga wako mpya utakuwa umerudi kuwa gogo. Simama karibu na fundi na rula yako. Katikati ya kila kipande, upande wa chini, chora mstari wa nta iliyoyeyushwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nyuki wataufuata.

Ndani usipake rangi. Sugua nta na majani ya mchaichai yaliyopondwa. Harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki wenyewe hutoa wakiitana nyumbani. Kisha subiri kundi linalotafuta makao lipite. Likichelewa, usihangaike, hamisha mzinga mahali pengine kabla ya maua mengi kufunguka.

Pa kuuweka

Mahali pabaya hapasameheki hata mzinga ukiwa mzuri kiasi gani.

- Mita 200 au zaidi kutoka nyumba, shule, kanisa, njia ya watu na mahali mbuzi wanapofungwa kamba. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, na nyuki wetu wakikasirika wanaua.
- Kivuli cha mchana. Jua la tambarare la Agosti linayeyusha masega.
- Uning'inizwe kwa waya kati ya nguzo mbili, urefu wa kiuno, ili siafu wasipande na wewe usihitaji ngazi. Nguzo zipakwe grisi au mafuta machafu ya gari, na majani chini yafyekwe.
- Maji karibu: beseni pana lenye mawe ya kutulia nyuki, lisikauke kiangazi.
- Mbali na mashamba ya nyanya na kabichi yanayopigwa dawa kila wiki.

Kuhusu dawa za wadudu, ongea na majirani mapema. Haiwezekani kuwaambia waache. Lakini inawezekana kuwaomba wapige jioni nyuki wakiwa wamerudi, na wasipige mimea iliyochanua. Mpelekee jirani chupa ya asali ya kwanza na umweleze imetoka wapi. Mazungumzo hayo yanaokoa makundi mengi kuliko ripoti yoyote.

Siku ya kurina

Rina jua likizama. Nyuki wametulia, na wakikasirika giza litawarudisha ndani. Vaa salopeti nene ya rangi nyeupe au kaki, buti, glavu, na kofia yenye wavu. Funga mikono na miguu ya salopeti kwa kamba za mpira, kwa sababu nyuki mmoja akiingia ndani ya nguo utasahau yote uliyojifunza. Uwe na mwenzako, kamwe usiende peke yako.

Na usile ndizi mbivu kabla ya kwenda. Nyuki akiuma, mwiba unaachia harufu inayowaita wenzake waje kushambulia, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi mbivu. Katika nchi ya ndizi kama yetu, jambo hilo linastahili kurudiwa kwa kila kijana unayemfundisha.

Moshi unafanya kazi mbili: unafunika ile harufu ya hatari, na unawafanya nyuki wajaze matumbo asali wakidhani moto unakuja. Nyuki aliyeshiba haumi ovyo. Choma samadi kavu ya ng'ombe, magunzi, au gunia kuukuu la katani ndani ya bomba la moshi. Moshi uwe mweupe na wa baridi. Puliza kidogo mlangoni, ngoja dakika mbili, kisha fungua. Usitumie plastiki, mpira wala petroli, na usitumie mwenge. Mwenge unaua nyuki, unaingiza majivu kwenye asali, na moto wa kiangazi ukitoroka unachoma mlima mzima.

Anza na vipande vya mwisho, mbali na mlango. Asali huwekwa huko na majana hukaa karibu na mlango. Nyanyua sega wima, lisilale, maana bila fremu linakatika kwa uzito wake. Likiwa limezibwa robo tatu au zaidi kwa nta nyeupe, likate na uache kipande kidogo juu ili wajenge upya. Likiwa wazi na linadondosha, lirudishe. Asali hiyo ina maji mengi na itachacha kwenye bidoni, utasikia harufu ya pombe kabla ya mwezi kuisha. Ukikaribia majana, funga hapo. Masega ya asali yaliyo jirani nao waachie wenyewe, yasipungue manne. Ni chakula chao cha kiangazi, na ndicho kinachowazuia kuhama.

Nyumbani, ponda masega kwenye kitambaa safi na uache asali ichuje yenyewe usiku mzima. Usiichemshe. Chombo kiwe kikavu kabisa, na kisiwe bidoni lililowahi kubeba mafuta ya gari au dawa ya shamba hata kama limeoshwa mara kumi. Nta inayobaki iyeyushe kwenye maji ya moto, ichuje, iache igande. Utaihitaji kwa mizinga mipya.

Mambo mawili ya afya. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, hata ya kulamba kidoleni, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Na mtu aliyeumwa akivimba uso, akikosa pumzi au akizimia, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Mwili wake haukubaliani na sumu ya nyuki, na akiumwa tena hatari inaweza kuwa kubwa zaidi.

Chupa, bidoni na hesabu

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Kwa hiyo chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 ikijazwa asali ina karibu kilo 1 kamili, na bidoni la lita 20 lina kilo 28. Andika namba hizo ukutani. Mnunuzi anayekulipa bidoni kama kilo 20 anaondoka na kilo 8 zako bure, na yeye akifika mjini atauza kwa kilo.

Sasa rudi kwenye ile familia ya magunia sita. Tuseme ina mizinga minne yenye nyuki, na kila mmoja unatoa kilo 8 baada ya nyuki kuachiwa akiba yao. Jumla ni kilo 32. Kilo 4 zinabaki nyumbani kwa kikohozi, uji na wageni. Kilo 28, yaani bidoni moja, zinauzwa. Hata kwa dola 4 kwa kilo ni dola 112, wakati yale magunia matatu yangeleta dola 75. Minervali imelipwa, na mahindi yako ndani.

Lakini mwaka wa kwanza usiandike kitu kwenye hesabu hiyo. Kundi jipya linahitaji msimu wa kujenga masega na kuzaana. Anayekopa pesa ya mizinga kwa ahadi ya kulipa mavuno ya kwanza anajitafutia deni.

Wanunuzi wengi hawaamini asali, na wana haki, kwa sababu iko inayochanganywa na sukari. Watakuletea kipimo cha kiberiti, cha tone kwenye maji, cha sisimizi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoaminika. Asali safi yenye maji kidogo zaidi inaweza kushindwa, na sukari nzito ikafaulu. Uza kwa watu walewale kila mwaka, weka kipande cha sega ndani ya chupa, na mkaribishe anayetaka aje aone mizinga.

Hakuna asali pasipo miti

Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Milima iliyo juu ya mji imekatwa miti kwa ajili ya makaa na mashamba, na maji ya mvua hayana cha kuyashika. Milima hiyohiyo ndiyo malisho ya nyuki. Kila mzinga unaoning'inia unampa mwenye mlima sababu ya pesa ya kuuacha mti usimame, na hiyo ni sababu ambayo hotuba za mazingira hazijawahi kumpa.

Panda kwenye mipaka ya shamba: kaliandra, ambayo inachanua karibu mwaka mzima na majani yake mbuzi wanayapenda, mwembe na mparachichi, grevilea kwa mbao, mringaringa kwa kivuli na maua. Miche kumi kwa mwaka inatosha kuanza.

Siku ya kukimbia

Siwezi kuandika kuhusu kujitegemea Luvungi nikajifanya sijui kwamba watu wake wamekimbia zaidi ya mara moja. 1996, 1998, na tena Desemba 2025, vita vilipopita kwenye tambarare mpaka Uvira na watu wengi sana wakavuka Ruzizi kwenda Burundi. Aliyeacha ng'ombe hakuwakuta. Aliyeacha mahindi ghalani alikuta sakafu.

Mizinga nayo huibiwa na kuchomwa, sitaki kumdanganya mtu. Lakini kundi la nyuki haliswagwi barabarani, halihitaji kulishwa na mwenyewe, na mzinga ukibaki mahali pake kazi inaendelea mwenye mzinga akiwa kambini. Kwa sababu hiyo nashauri usiweke mizinga yote mahali pamoja. Miwili iwe kwenye tambarare, miwili mlimani upande wa Lemera, kwa ndugu au rafiki unayemwamini. Maua ya mlimani hayachanui wakati mmoja na ya chini, hivyo ukame ukipiga upande mmoja, wa pili unaweza kukupa kitu.

Mapatano na mwenye mlima yaandikwe. Theluthi moja ya asali iwe yake na theluthi mbili zako, au nusu kwa nusu kama yeye ndiye anayefyeka na kujaza maji. Andikeni pia nani anaruhusiwa kurina mwenye mizinga asipokuwepo, na sehemu ya mwenye mizinga itunzwe wapi. Nakala moja ibaki kwake, moja kwako, na ya tatu kwa chifu wa kijiji, tarehe na majina ya mashahidi wawili yakiwa chini.